Waya wa elfu tano na amplifaya ya Baba Mkubwa

Sebuleni kwa Baba Mkubwa, Ngamiani, Tanga, kuna amplifaya ya Pioneer yenye uso wa rangi ya fedha na vitufe vya chuma vinavyozunguka kwa uzito, kama vile ndani vimepakwa asali. Aliinunua bandarini Kobe mwaka 1977, enzi zake za ubaharia, akaja nayo melini imeviringishwa kwenye blanketi. Miaka yote imekaa juu ya kabati lile lile, kitambaa cha kufuma juu yake, spika mbili za mbao zikiilinda kulia na kushoto.

Deki ya kaseti ilishakufa zamani. Mkanda wa ndani ulikatika, fundi akaubadilisha, ukakatika tena, na mara ya tatu hakuna aliyehangaika. Kaseti zenyewe ziliokolewa na mtoto wa shangazi aliyeko Mombasa. Alizihamishia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, akaturudishia flashi: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Black Star, Lucky Star, na sauti ya Shakila binti Said akiwa bado binti. Mji huu mdogo ulikuwa na bendi ambazo redio za Afrika Mashariki nzima zilizipiga, na taarabu ya Tanga ndiyo iliyokaribisha magitaa ya umeme na mdundo wa dansi pale wengine walipobaki na fidla na ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni. Mimi nilikuwa nazisikiliza kwa spika za laptopu. Desemba iliyopita Baba Mkubwa alikuja akasimama nyuma yangu, akasikiliza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hao watu wamo humo ndani wanabanwa. Kwa nini wasitokee huku?" Akaonyesha amplifaya kwa fimbo yake.

Nilimwelewa papo hapo. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde. Spika ya laptopu, yenye koni isiyozidi sarafu, huanza kusema kitu cha maana mara 200 hivi na kuendelea. Unachosikia pale ni kivuli cha besi ambacho ubongo wako unakijazia mwenyewe. Mtu aliyezicheza nyimbo hizo ukumbini akiwa kijana hawezi kudanganywa na kivuli.

Nikajiwekea bajeti ya shilingi 50,000 na nikamwahidi kwamba kabla ya mwaka mpya watu wake watatokea upande wa pili. Naandika haya kwa sababu nilipotea njia mara mbili tatu, na najua ziko nyumba nyingi za Waswahili zenye amplifaya nzuri iliyofunikwa kitambaa na kompyuta iliyojaa nyimbo, na kati yake hamna kitu.

Kwanza geuza amplifaya uione mgongo. Ya Baba Mkubwa ina matundu mawili mawili, jekundu la kulia na jeupe la kushoto, yale yale ambayo kila duka la Kariakoo au la hapa kwetu huyaita matundu ya AV. Plagi hiyo ni kongwe. Ilizaliwa Marekani miaka ya 1930 kwa ajili ya kuunganisha santuri na redio, na hadi leo haijabadilika. Juu ya kila jozi kuna maandishi: PHONO, TUNER, AUX, TAPE. Hapa ndipo rafiki yangu mmoja alipokosea akaamini amplifaya yake imeharibika. PHONO ni ya sindano ya santuri peke yake. Sindano hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu, kwa hiyo ndani ya tundu lile kuna saketi inayoukuza kama mara mia, tena inayoinua besi na kushusha sauti nyembamba, kwa sababu santuri hukatwa kinyume chake. Ukiingiza kompyuta pale unapata ngurumo na mkwaruzo, na unaweza kuumiza spika. AUX, TUNER na TAPE upande wa kuingiza ni ndugu: zote zinapokea kompyuta bila shida. TAPE ina matundu ya kuingiza na ya kutoa, soma vizuri ni lipi.

Kitu cha pili nilichokiona mgongoni ni kile kiswichi kidogo cha kuchagua umeme. Zile zilizotengenezwa kuuzwa nje ya Japani mara nyingi zinacho. Cha Baba Mkubwa kilikuwa kwenye 220, na umeme wetu ni volti 230, wakati mwingine usiku unapanda. Nikaichomoa ukutani, nikakipeleka 240, nikaendelea. Mashine ya umri ule haihitaji kuchemshwa zaidi ya inavyochemka yenyewe.

Halafu waya. Unachohitaji ni waya wenye jeki ndogo ya milimita 3.5 upande mmoja, ile ya hedfoni, na upande mwingine pini mbili za AV. Basi. Wa kwanza niliuchukua kwenye duka moja ukiwa ndani ya kiboksi kizuri chenye dirisha la plastiki na maandishi ya dhahabu. Upande wa kushoto ulikuwa bubu tangu siku ya kwanza. Nikaupima kwa mita ya mafundi (multimita): ncha ya jeki na pini nyeupe hazikuwa na mawasiliano kabisa. Wa pili niliununua kwa kijana anayepanga bidhaa zake mezani karibu na stendi, shilingi 5,000, bila kiboksi. Nilimwomba niupime kabla ya kulipa, akanipa, akasimama pembeni akiangalia namna ninavyogusisha ncha za mita. Sasa ana mita yake mwenyewe pale mezani. Waya ule ni mnene kiasi, una wavu wa shaba unaozunguka waya za ndani, na pini zake hukaza zinapoingia. Hivyo vitatu vinatosha. Dhahabu ya kwenye plagi husaidia isipate kutu, jambo lenye maana Tanga ambako hewa ina chumvi, lakini haibadilishi sauti.

Jioni ile nilichomeka pini kwenye AUX amplifaya ikiwa imezimwa, kitufe cha sauti kimeshushwa hadi chini. Nikawasha. Baba Mkubwa alikuwa ameshakaa. Nikapandisha sauti taratibu, na kabla wimbo haujaanza, chumba kikajaa mvumo. Mmmmmm. Mzito, usiokatika, kama friji lililo karibu na sikio. Chini yake, nilipogusa kipanya, kulikuwa na kijisauti cha zii-zii kilichofuata mkono wangu. Wimbo ulipoanza ulikuwa mzuri kwa kweli, lakini kati ya ubeti na ubeti mvumo ulirudi kukaa mahali pake. Mzee akasikiliza nyimbo mbili, akasema, "Deki haikuwa hivi," akaenda kuswali isha.

Sasa hapa ndipo nilipopotea. Nilifanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya: nililaumu kompyuta. Nikajiambia tundu la hedfoni la laptopu ni duni, kwamba ndani yake kumejaa makelele ya prosesa na feni, na kwamba dawa ni kuitoa sauti nje ya kompyuta ikiwa bado ni tarakimu na kuigeuza kuwa umeme wa muziki huko nje. Kifaa cha kazi hiyo ni kigeuzi, kwenye maboksi kimeandikwa DAC, na kipo cha kila bei. Cha chini kabisa ni kile kijiti kinachochomekwa kwenye USB, chenye tundu la hedfoni na la maiki. Nikanunua kwa shilingi 10,000. Kijiti hicho hushughulikia sauti ya biti 16 kwa sampuli 48,000 kila sekunde, ambayo ni zaidi kidogo ya CD, kwa hiyo kwenye karatasi hakina upungufu kwa kaseti za mwaka 1970.

Nikachomeka. Mvumo ule ule. Zii-zii ilibadilika umbo kidogo, mvumo haukusogea hata unywele.

Nikajaribu Bluetooth. Kipokezi kidogo, shilingi 15,000, unakichomeka kwenye chaja ya simu, waya wake unaingia AUX, laptopu inabaki mbali. Kimya. Mvumo wote umetoweka. Nilifurahi kweli, na kwa siku nne tuliishi na Bluetooth. Lazima niseme wazi: kwa nyumba nyingi safari ingeishia hapo, na si vibaya. Kodeki ya kawaida ya Bluetooth, yaani namna ya kubana sauti ili isafiri hewani, ile SBC ambayo kila kifaa kinayo, ikipewa nafasi yake kamili husafirisha kilobiti 328 kwa sekunde hivi, na kwa nyimbo zilizotoka kwenye kaseti hiyo inatosha na kubaki. Kilichonirudisha nyuma ni mambo mengine. Picha na sauti haviendi pamoja. Mtu anafungua mdomo ndipo maneno yanafuata, na Baba Mkubwa anapenda kuangalia video za zamani za bendi. Kipokezi kile, kwa kuwa kinakula umeme wa chaja nafuu ya simu, kilikuwa na mluzi mwembamba sana unaousikia usiku mtaa ukitulia. Na mtu akipita kati ya laptopu na kabati na sinia la chai, wimbo unakwama.

Lakini zaidi ya hayo, sikuridhika kwa sababu sikujua ugonjwa ulikuwa nini. Kama tundu la laptopu ndilo lililokuwa baya, kwa nini kijiti cha USB hakikusaidia? Na kama vyote viwili ni vibaya, kwa nini nikivaa hedfoni kwenye laptopu hiyo hiyo sisikii mvumo wowote?

Nikaenda kumwona fundi mmoja wa redio, mzee aliyestaafu, mtaa wa nyuma yetu. Nilimsalimia, akanikaribisha kiti, nikamweleza kila kitu kuanzia Kobe. Hakuuliza bei ya kitu chochote. Aliuliza swali moja: "Kwenye hiyo amplifaya kumechomekwa nini kingine?" Nikamwambia king'amuzi, kwa sababu mzee anapenda taarifa ya habari na mpira vitoke kwenye spika kubwa; kipo TUNER. Akatikisa kichwa. "Rudi nyumbani. Washa vyote, acha uvume. Halafu chomoa kimoja kimoja, usikilize."

Nilirudi, nikawasha vyote, nikaweka sauti juu kiasi bila wimbo. Mmmmmm. Nikaanza na chaja ya laptopu. Nilishika plagi yake yenye pini tatu, nikaivuta kutoka kwenye soketi ya ukutani, na mvumo ukakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikabaki nimeishika hewani. Nikairudisha: mmmmmm. Nikaitoa: kimya, na zii-zii nayo imekwenda. Laptopu ilikuwa bado imewaka, waya wa elfu tano bado uko AUX, wimbo ungeweza kupigwa. Nikairudisha tena chaja, mvumo ukarudi, na safari hii nikaenda nyuma ya televisheni, nikafungua kwa vidole ile nati ya waya wa dishi kwenye king'amuzi. Mizunguko minne, mitano. Waya ulipoachia, niliona cheche ndogo ya bluu isiyozidi kichwa cha sindano, na chumba kikawa kimya. Chaja ya laptopu iko ukutani, inachaji, na kimya.

Hapo nikaelewa, na hili ndilo nililotamani mtu aniambie kabla sijatoa hata shilingi moja.

Chaja ya laptopu yangu ina pini tatu. Ile ya tatu, ndefu, ni ethi: inaunganisha bodi ya kompyuta na waya unaotembea ukutani hadi kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini mbele ya nyumba, karibu na mita ya umeme. Dishi nalo limefungwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa uani, nyuma. Kwa hiyo nyumba ina ardhi mbili, moja mbele, moja nyuma, na hazilingani kamwe. Kati yake kuna tofauti ndogo ya umeme inayopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde pamoja na umeme wetu wa ukutani. Zamani tofauti hiyo haikuwa na pa kupita. Amplifaya ya Baba Mkubwa ina plagi ya pini mbili, haijui ethi ni nini, kwa hiyo king'amuzi kilikaa nayo miaka yote bila kuvuma. Nilipoleta laptopu nikafunga duara: ardhi ya mbele, ethi, chaja, laptopu, wavu wa waya wa elfu tano, mwili wa amplifaya, wavu wa waya wa king'amuzi, waya wa dishi, nguzo, ardhi ya nyuma. Umeme ukapata barabara, na barabara hiyo inapita kwenye wavu ule ule ambao muziki unautumia kurudi. Makelele ya ndani ya laptopu nayo yakadandia, ndiyo ile zii-zii.

Kugeuza kitufe cha amplifaya kutoka TUNER kwenda AUX hakusaidii. Kitufe kinachagua waya wa kati tu. Wavu wa nje wa matundu yote umeunganishwa pamoja ndani muda wote. Na ndiyo maana kijiti cha USB hakikusaidia: waya wa USB nao una ardhi yake ndani, duara linabaki limefungwa. Kigeuzi cha milioni moja kikichomekwa USB katika sebule ile kingevuma vile vile, isipokuwa kiwe kimetengenezwa kutenganisha ardhi. Bluetooth ilinyamazisha kwa sababu ilikata duara, basi.

Wapo watakaokushauri ukate ile pini ndefu ya ethi, au ununue adapta isiyo nayo. Mvumo utakwisha, ni kweli. Usifanye. Pini ile ipo kwa ajili ya siku ambayo ndani ya chaja kitu kitaungua na umeme wa volti 230 utatafuta pa kutokea. Bila ethi utatokea kupitia mwili wa laptopu, mikono yako, au kupitia waya hadi kwenye vitufe vya chuma vya amplifaya ambavyo mzee wa miaka 78 anavishika kila jioni. Hakuna wimbo wenye thamani hiyo.

Kuna njia tatu za kukata duara kwa usalama. Ya kwanza ni ya bure: chaji laptopu kwanza, kisha isikilize kwa betri. Kwa anayesikiliza saa mbili jioni, hiyo ndiyo dawa, na hana haja ya kuendelea kusoma. Ya pili ni mwanga. Kuna waya wa taa, unaoitwa TOSLINK, uliotolewa na Toshiba mwaka 1983, ambao hubeba muziki kama mwanga ndani ya uzi wa plastiki. Umeme haupiti humo, kwa hiyo hakuna duara. Kompyuta nyingi za mezani zina tundu lake mgongoni, televisheni nyingi pia, na laptopu za Apple zilikuwa nalo likiwa limefichwa ndani ya tundu la hedfoni kabla ya kuondolewa kwenye MacBook Pro za mwaka 2016. Ukiwa nalo, kigeuzi kidogo cha kupokea mwanga na kutoa AV ni bei nafuu na kinafanya kazi vizuri. Laptopu yangu haina.

Ya tatu ni transfoma. Kijiboksi kisichozidi kidole gumba, kina transfoma mbili ndogo ndani, moja kila upande. Muziki unaruka kwa sumaku kutoka upande mmoja hadi wa pili, ardhi haziunganiki. Mafundi wa redio za magari wanacho, kwa sababu magari nayo yanavuma kwa sababu hiyo hiyo. Nilikipata kwa shilingi 12,000. Tatizo lake linajulikana: transfoma ndogo ya bei nafuu hula besi ya chini kabisa, na ukiisukuma sana inachafua sauti. Nilipokiweka kwenye waya wa laptopu nililisikia hilo. Gitaa la besi la Jamhuri Jazz lilipungua uzito, si sana, lakini lilipungua, na besi ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta tangu mwanzo.

Nilikaa na kile kijiboksi mkononi jioni nzima kabla sijaona jambo lililokuwa mbele ya macho. Duara halijali linakatwa wapi. Nikakitoa kwenye waya wa laptopu, nikakipeleka nyuma ya king'amuzi. Msomaji wa taarifa ya habari hana besi ya kupoteza. Mtangazaji wa mpira hana. Laptopu ikabaki na waya wake wa elfu tano, moja kwa moja, bila kitu katikati. Chaja ukutani, dishi limefungwa nati yake, kila kitu kimewaka. Nikapandisha kitufe hadi robo tatu bila wimbo, nikaweka sikio kwenye spika. Mchiriziko mwepesi wa amplifaya yenyewe, kama mchanga unaomwagika mbali. Nikarudi hatua moja, sikusikia kitu.

Baada ya hapo yalibaki madogo. Sauti ya kompyuta niliiweka karibu na mwisho, na kupunguza au kuongeza tunafanya kwa kitufe cha amplifaya. Ukishusha sauti ndani ya kompyuta unatupa sehemu ya tarakimu zenyewe, kiasi cha biti moja kila unapoipunguza nusu, kisha unailazimisha amplifaya ikuze kilichobaki pamoja na makelele. Watu huogopa kwamba tundu la hedfoni ni dhaifu kwa amplifaya kubwa. Kwa mashine za zama zile ni kinyume chake: AUX zao nyingi zilitosheka na milivolti 150 kufikia nguvu kamili, na tundu la laptopu hutoa mara kadhaa ya hiyo. CD pleya, iliyokuja sokoni mwaka 1982, hutoa volti 2, ndiyo maana kwenye amplifaya kongwe CD hupiga kelele kitufe kikiguswa tu. Laptopu inaikaa vizuri zaidi. Nilizima pia yale marembo ya sauti ambayo Windows huyaweka yenyewe, yale ya kuongeza besi na kuigiza ukumbi. Na kile kitufe cha amplifaya kilichokuwa kinakwaruza nilikipulizia dawa ya kusafishia kontakti ndani, amplifaya ikiwa imechomolewa tangu usiku, nikakizungusha mara hamsini huku na huku. Mkwaruzo uliisha.

Swali moja halikuniacha. Je, sasa kwa kuwa mvumo umekwisha, kigeuzi kizuri kingeongeza kitu? Rafiki anayefanya kazi ya kurekodi aliniazima chake, cha shilingi zaidi ya 400,000. Nilichokifanya ndicho ninachomwomba kila mtu akifanye kabla ya kulipa. Nilipiga mlio mmoja wa hezi 1,000, nikapima kwa mita umeme unaotoka kwenye kigeuzi na unaotoka kwenye tundu la laptopu, nikavisawazisha. Bila hatua hiyo jaribio ni bure, kwa sababu chenye sauti kubwa kidogo tu hushinda daima, sikio likiita ukubwa huo usafi. Vyote viwili vikaingia kwenye amplifaya, kimoja AUX, kingine TAPE. Mdogo wangu akakaa kwenye kitufe, mgongo wangu kwake, akarusha shilingi kila mara kuamua apige kipi, akaandika kwenye daftari. Mara 20. Nilitumia nyimbo za kaseti na CD moja ya Culture Musical Club ya Zanzibar iliyorekodiwa vizuri sana, kanuni na akodiani zinasikika hadi vidole. Nilipata 11. Mtu anayekisia kwa kurusha sarafu hutarajiwa kupata 10.

Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2007 huko Marekani, E. Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio kubwa la namna hiyo: rekodi za ubora wa juu kuliko CD, zikilinganishwa na zenyewe baada ya kupitishwa kwenye kiwango cha CD. Majaribio 554, majibu sahihi 276. Nusu kwa nusu. Simaanishi kwamba vigeuzi vyote ni sawa. Yapo matundu ya laptopu mabaya kweli, na dalili yake ni kwamba utasikia makelele hata kwenye hedfoni, laptopu ikiwa kwenye betri na haijaunganishwa na chochote. Ukisikia hayo, au kama tundu limevunjika au halipo, nunua kigeuzi kidogo. Kile kiwaya kifupi cha USB-C cha Apple kinachouzwa Marekani kwa dola 9 kimewashinda wengi wa bei ya juu kwenye vipimo, na kinakubali kompyuta yoyote yenye tundu hilo, ingawa kile kilichotengenezwa kwa soko la Ulaya hutoa nusu ya volti. Kama huyasikii, pesa yako ibaki mfukoni.

Kwa hiyo hesabu ya sebule ile ni hii. Kilichobaki kikifanya kazi ni waya wa 5,000 na transfoma ya 12,000. Kijiti cha USB nimempa mdogo wangu kwa ajili ya maiki yake, kipokezi cha Bluetooth kipo kwa shangazi na kinamfaa. Dawa ya kitufe ilitoka kwa fundi, alikataa malipo, nikampelekea samaki.

Tulisikiliza vizuri kwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 30 Desemba. Baba Mkubwa alivaa shati. Niliweka wimbo wa Black Star, na kabla ya magitaa kuingia kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwenye laptopu, wala kwenye Bluetooth mluzi ukiwa juu yake: mtu anavuta pumzi karibu na maiki, na nyuma yake mwingine anagonga mguu sakafuni mara mbili kuhesabu. Kisha besi ikaingia, nene, na kioo cha kabati kikatetema kidogo. Mzee hakusema kitu mpaka wimbo wa tatu. Halafu akaanza kutaja majina: huyu alikuwa anakaa barabara ya tano, huyu alihamia Mombasa, huyu wa besi alikuwa na baiskeli nyekundu.

Kwenye wimbo wa nne alinyoosha fimbo kuelekea spika ya kushoto. "Ile inakohoa," akasema. Nikatoa kitambaa cha mbele nikaangalia kwa tochi ya simu. Sponji inayozunguka koni imeoza, inameguka ukiigusa, na upande wa chini imeshaachia kama sentimita tatu. Fundi amesema sponji mpya za kipimo hicho zinapatikana Dar, Gerezani. Kwenye ile bajeti zimebaki 4,000, kwa hiyo hii ni safari nyingine. Nimeshapima kipenyo: inchi nane.